Mazungumzo ya Uingereza na Ulaya: Nani Aliyefichwa?

Tangu Uingereza ipige kura ya kujitoa katika Umoja wa Ulaya, tarehe 23 Juni 2016, mengi yamesemwa na kuandikwa juu ya ugomvi uliozuka katika nchi hiyo. Watu wa mataifa mengine, na hasa sisi tuliotawaliwa na Waingereza na kufundishwa katika skuli zao kwamba Bunge lao ndilo mama wa mabunge yote, tuliliona Bunge hilo likipiga kelele hadi usiku wa manane bila ya kuafikiana juu ya jambo hata moja. Na wako waliocheka. Hatumlaumu aliyecheka. Ila tunadhani kwamba wengi wao waliitazama homa wakaacha kuutafuta ugonjwa. Kelele za mwaka 2018 na 2019 zilikuwa homa. Ugonjwa wenyewe ulianza mapema zaidi, pale serikali ya nchi hiyo ilipoamua kwamba mazungumzo na Ulaya ni siri ambayo raia wake, na hata wabunge wao, hawana haja ya kuijua.

Tuseme wazi mapema kwamba hatuna nia ya kuwahukumu Waingereza kwa kuamua kutoka. Taifa lina haki ya kujiunga na jumuiya na lina haki ya kujitoa. Nasi tuliopigania haki ya kujiamulia mambo yetu tutakuwa watu wa mwisho kumnyima mwenzetu haki hiyo. Linalotushughulisha ni namna jambo lenyewe lilivyoendeshwa, maana hilo lina funzo kwa kila serikali inayokaa mezani na wageni kwa niaba ya watu wake.

Katika kura ile watu milioni 17.4 walitaka kutoka na watu milioni 16.1 walitaka kubaki, yaani asilimia 51.9 kwa 48.1. Swali lililochapishwa katika karatasi lilikuwa fupi na lilikuwa na majibu mawili tu. Kubaki kulijulikana, kwa sababu Uingereza ilikuwamo tangu tarehe 1 Januari 1973, na watu wake walikwisha kuulizwa mara moja, Juni 1975, wakakubali kwa theluthi mbili ya kura. Kutoka ndiko kulikokuwa hakujulikani. Kuna kukaa nje kama Norway, ambayo si mwanachama lakini imo ndani ya soko la Ulaya na inafuata kanuni zake. Kuna kukaa nje kama Uturuki, iliyounganishwa na Ulaya kwa ushuru wa forodha wa bidhaa za viwandani. Na kuna kukaa nje kabisa, kama Canada, ukafanya biashara kwa mkataba kama nchi yoyote ya mbali. Kila mlango una gharama yake, na aliyepiga kura ya kutoka hakuulizwa apite mlango upi.

Pande zote mbili ziliwauzia wananchi mbuzi kwenye gunia. Waliotaka kutoka walizunguka nchi nzima na basi jekundu lililoandikwa ubavuni kwamba Uingereza hupeleka Brussels pauni milioni 350 kila wiki, hesabu ambayo Mamlaka ya Takwimu ya nchi hiyohiyo ilisema inapotosha. Waliotaka kubaki hawakuwa nyuma. Waziri wa Fedha wa wakati huo, Bwana George Osborne, aliwatisha watu kwamba wakichagua kutoka italazimu kuletwa bajeti ya dharura ya kuziba pengo la pauni bilioni 30 kwa kupandisha kodi na kukata matumizi. Kura ikapigwa, watu wakachagua kutoka, na bajeti hiyo haikuonekana.

Waziri Mkuu, Bwana David Cameron, alijiuzulu asubuhi ya pili yake. Aliyemfuata, Bibi Theresa May, alishika hatamu tarehe 13 Julai 2016, na kwa muda wa miezi sita kila alipoulizwa kutoka kutakuwaje, jibu lake lilikuwa kwamba kutoka maana yake ni kutoka. Serikali yake ilisema haitatoa maelezo ya kila hatua ya mazungumzo, kwa hoja kwamba mcheza karata hamwonyeshi mwenziwe mkono wake.

Hoja hii si ya kutupwa. Hata muuza samaki wa Darajani hamtajii mnunuzi bei yake ya mwisho tangu salamu. Lakini samaki ni wake mwenyewe; akikosea, hasara ni yake na watoto wake. Serikali huenda sokoni na mali ya watu, na mwenye mali hana budi kujua angalau ni samaki gani anayeuzwa. Tena hoja ya karata ilikuwa na kasoro nyingine, nayo ni kwamba mchezaji wa upande wa pili alikuwa ameziweka karata zake juu ya meza. Mwezi Mei 2017 mataifa 27 yaliyobaki yalitangaza hadharani maagizo waliyompa mjumbe wao, Bwana Michel Barnier wa Ufaransa, na tangu hapo ofisi yake ikawa inachapisha misimamo yake karatasi kwa karatasi. Mvuvi wa Cornwall aliyetaka kujua mustakabali wa bahari yake alipata habari nyingi zaidi kutoka Brussels kuliko kutoka London. Basi siri ile alifichwa nani? Ulaya ilijua inachokitaka na ilijua pia udhaifu wa Uingereza. Aliyefichwa ni Mwingereza.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi mambo yalivyokuwa. Mwaka 2017 Waziri aliyekabidhiwa shughuli ya kujitoa, Bwana David Davis, aliwaeleza wabunge juu ya uchunguzi uliofanywa kuhusu sekta mbalimbali za uchumi, na sekta zilizotajwa zilikuwa 58: kilimo, magari, madawa, benki, uvuvi na nyinginezo. Wabunge wakaomba kuuona uchunguzi huo. Wakaambiwa kwamba kuuchapisha kutaharibu mazungumzo. Tarehe 1 Novemba Bunge la Makabwela likaamuru utolewe. Zikaletwa kurasa kiasi cha 850, nyingi zikiwa na mambo ambayo mtu angeweza kuyasoma gazetini. Na tarehe 6 Desemba, Waziri huyo aliposimama mbele ya kamati ya Bunge, alisema kwamba tathmini ya athari kwa kila sekta haikuwa imefanywa hata moja. Yaani siri iliyolindwa kwa nguvu zote za dola ilikuwa sanduku tupu.

Hapa tunawaomba ndugu zetu watumishi wa serikali watuvumilie kidogo. Muhuri wa siri ni kifaa chepesi. Hugongwa kwa sekunde moja na hauhitaji hoja. Yako mambo ambayo kweli yanastahili muhuri huo. Lakini aghalabu hugongwa juu ya jalada kwa sababu ndani yake hamna kitu, na mwenye ofisi hataki ijulikane kwamba hamna kitu.

Jambo lililokuja kuivunja serikali ya Bibi May lilikuwa Ayalandi. Kisiwa hicho kimegawanyika: kusini ni Jamhuri, ambayo ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya, na kaskazini ni sehemu ya Uingereza. Kati yao upo mpaka wa nchi kavu wa kilomita 500 hivi, unaokata mashamba, vijiji na barabara nyingi. Kwa miaka 30 watu wa kaskazini waliuana kwa sababu ya swali la kisiwa hicho ni cha nani, na waliokufa ni kiasi cha 3,500. Mapatano ya tarehe 10 Aprili 1998 yaliwezesha vizuizi vya askari kuondolewa mpakani, na leo mtu huvuka bila hata ya kujua kwamba amevuka. Sasa ikiwa upande mmoja umo katika soko la Ulaya na upande wa pili umetoka, bidhaa zitakaguliwa wapi? Kuzikagua mpakani ni kuvirudisha vizuizi. Kuzikagua baharini, baina ya kisiwa hicho na Uingereza yenyewe, ni kuikata sehemu moja ya dola na kuiacha upande wa wageni. Kutokagua kabisa maana yake ni kwamba Uingereza yote ibaki katika kanuni za Ulaya, na hapo watu watauliza wametoka wapi.

Swali hili halikuwa na jibu la nne. Lilionekana tangu kabla ya kura. Mawaziri wakuu wawili waliopata kustaafu, Bwana John Major na Bwana Tony Blair, walikwenda pamoja kaskazini mwa Ayalandi mwezi wa Juni 2016 kulisema. Lakini halikuwa na nafasi kubwa katika mikutano ya kampeni ya Waingereza, labda kwa sababu wapiga kura wa Ayalandi ya Kaskazini ni wachache.

Mkataba alioufikia Bibi May mwezi wa Novemba 2018 uliweka kinga ya Ayalandi: ikiwa halitapatikana suluhisho jingine, Uingereza yote ingebaki katika ushuru mmoja wa forodha na Ulaya. Je, kwa muda gani? Hilo ndilo wabunge walilotaka kulijua, na Mwanasheria Mkuu, Bwana Geoffrey Cox, alikuwa amekwisha kuiandikia serikali ushauri juu yake. Serikali ilikataa kuutoa. Tarehe 4 Desemba 2018 Bunge likapiga kura, 311 kwa 293, kwamba serikali imelidharau Bunge, jambo ambalo halijapata kuitokea serikali yoyote ya nchi hiyo. Siku ya pili yake ushauri ukachapishwa. Ndani yake ilikuwamo kauli kwamba kinga ile ingeweza kuendelea bila ya kikomo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Kama kauli hiyo ingetolewa na Waziri Mkuu mwenyewe, pamoja na sababu zake, ingepingwa kwa nguvu na huenda wengine wangeielewa. Ilipotolewa kwa kushurutishwa, kila aliyeisoma aliona kwamba amedanganywa. Tarehe 15 Januari 2019 mkataba ukaangushwa kwa kura 432 dhidi ya 202, kushindwa kukubwa kuliko kote katika historia ya kisasa ya Bunge lile. Ukaletwa tena mwezi wa Machi, ukaangushwa. Ukaletwa kwa mara ya tatu tarehe 29 Machi, siku ileile ambayo Uingereza ilikuwa imepangiwa kutoka, ukaangushwa kwa kura 344 dhidi ya 286.

Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Bwana Davis alijiuzulu Julai 2018, na siku ya pili yake akamfuata Waziri wa Mambo ya Nje, Bwana Boris Johnson. Aliyeshika nafasi ya Davis, Bwana Dominic Raab, aliwaambia watu hadharani kwamba hakuwa ameelewa vizuri kiasi ambacho biashara ya nchi yake inategemea kivuko cha Dover na Calais, kisha naye akajiuzulu katika Novemba hiyohiyo. Mtu aliyezaliwa kisiwani anashindwa kufahamu jinsi gani waziri wa nchi iliyo kisiwa atafanya kazi ya kujadiliana biashara pasipo kujua meli zinapita wapi. Lakini tusiongeze neno.

Wabunge walipoichukua kazi mikononi mwao nao hawakufanikiwa. Tarehe 27 Machi 2019 walijiwekea njia 8 za kuchagua, na hakuna iliyopata wingi wa kura. Tarehe 1 Aprili wakajiwekea 4, na hakuna iliyopita. Nje, mitaa ya London ilijaa waandamanaji wa kutaka kura ya pili, na ombi la kutaka kujitoa kufutwe lilipata sahihi zaidi ya milioni 6. Nao waliotaka kutoka, ambao ndio walioshinda kura, walisimama mbele ya Bunge na bendera zao wakisema wamesalitiwa. Familia zilinuniana. Hayo ndiyo yaliyochekwa duniani. Sisi tunaona kwamba katika wiki zile, kwa mara ya kwanza tangu kura ipigwe, Waingereza walikuwa wanajadiliana juu ya milango ile mitatu kwa majina yake. Mjadala ule ulikuwa wa haki na ulikuwa wa lazima. Ubaya wake ni kwamba ulikuja baada ya miaka karibu mitatu, saa ikiwa imebakia dakika chache kugonga, na kila mtu amekwisha kujichimbia handaki lake.

Mahakama nazo ziliingizwa humo. Mwezi wa Novemba 2016 majaji watatu walipoamua kwamba serikali haiwezi kuanza kujitoa bila ya ridhaa ya Bunge, gazeti moja kubwa la London lilichapisha picha zao na kuwaita maadui wa watu. Mahakama ya Juu iliwaunga mkono tarehe 24 Januari 2017, majaji 8 kwa 3. Miaka miwili baadaye Bwana Johnson, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu, alilifunga Bunge kwa wiki 5 katika kipindi ambacho lilitakiwa kuliko wakati wowote. Tarehe 24 Septemba 2019 majaji 11 wa Mahakama hiyo waliamua kwa kauli moja kwamba kufungwa huko kulikuwa kinyume cha sheria na ni batili, na siku ya pili yake wabunge wakarudi vitini. Wiki mbili kabla yake serikali ilikuwa imelazimishwa na Bunge kuchapisha waraka wa maandalizi ya kutoka bila mkataba, uliotaja misururu ya malori bandarini na upungufu wa baadhi ya vyakula na madawa. Mara nyingine tena karatasi ilitoka kwa amri, haikutoka kwa hiari.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo linawahusu zaidi watu wa visiwani. Uingereza ni muungano, na sehemu zake hazikupiga kura sawa. Uskoti ilitaka kubaki kwa asilimia 62. Ayalandi ya Kaskazini ilitaka kubaki kwa asilimia 55.8. England na Wales ndizo zilizotaka kutoka, na kwa kuwa England ina watu wengi kuliko wengine wote pamoja, neno lake ndilo lililopita. Ipo desturi kwamba Bunge la London halitungi sheria inayogusa madaraka ya mabunge ya sehemu hizo bila ya kuomba ridhaa yao. Lakini Mahakama ya Juu ilisema katika hukumu ile ya Januari 2017 kwamba hiyo ni desturi ya siasa, na mahakama haiwezi kuilazimisha. Januari 2020 sheria ya kuupitisha mkataba wa kujitoa ilikataliwa na mabunge yote matatu, Edinburgh, Cardiff na Belfast. Ikapita hivyohivyo. Wasomaji wetu, waliokulia katika mjadala wa mambo ya Muungano ambayo mwaka 1964 yalikuwa 11 na baadaye yakafika 22, hawahitaji kufafanuliwa zaidi.

Hali ya Jersey ilikuwa ngumu zaidi. Kisiwa hicho, chenye watu laki moja hivi, kiko karibu na pwani ya Ufaransa. Ni milki ya Mfalme wa Uingereza lakini si sehemu ya Uingereza, na watu wake hawakuwa na kura mwaka 2016. Hata hivyo biashara yake na uvuvi wake vilifungamana na uanachama wa Uingereza, na uanachama ulipokwisha, vibali vya wavuvi wa Kifaransa katika maji yake vilibidi viandikwe upya. Tarehe 6 Mei 2021 vyombo vya uvuvi kiasi cha 60 kutoka Ufaransa vilikusanyika nje ya bandari ya Saint Helier kulalamikia masharti ya vibali hivyo. London ikapeleka manowari mbili za doria, na Ufaransa nayo ikapeleka zake. Kabla ya hapo Waziri mmoja wa Kifaransa alikuwa amekumbusha kwamba umeme wa Jersey, karibu wote, unatoka Ufaransa kwa waya wa chini ya bahari. Wakaazi wa Unguja walioishi katika giza la miezi mitatu lililoanza Desemba 2009, waya wetu ulipoharibika, wanajua uzito wa maneno kama hayo hata yanaposemwa kwa upole.

Wapo waliopata kutoka kwa utulivu. Greenland, kisiwa cha wavuvi chini ya Denmark, kilipiga kura mwezi wa Februari 1982. Asilimia 53 wakataka kutoka katika Soko la Pamoja la Ulaya, na tarehe 1 Februari 1985 wakawa wametoka. Watu wake ni elfu hamsini na kitu, na jambo kubwa la kujadili lilikuwa samaki tu. Lakini jambo hilo moja lilichukua miaka mitatu. Anayetaka kukadiria muda wa kufungua mafundo ya miaka 47 ya biashara ya taifa la watu milioni 66 angeweza kuanzia hapo.

Huenda msomaji akauliza, haya yote yanamhusu nini mkulima wa karafuu wa Wete? Yanamhusu kwa historia ya karafuu zenyewe. Mwaka 1969 nchi zetu tatu za Afrika Mashariki zilipotia saini mkataba wa biashara na Soko la Pamoja, mjini Arusha, bidhaa tatu ziliwekewa kiwango maalumu cha kuingia bila ushuru: kahawa, mananasi ya makopo na karafuu. Uingereza ilipoingia katika Soko hilo mwaka 1973, makoloni yake ya zamani yalilazimika kujadiliwa upya, na ndipo ulipopatikana mkataba wa Lomé wa Februari 1975. Uingereza ilipoingia tulibadilishiwa utaratibu. Na ilipotaka kutoka, vilevile. Mwaka 2016 Jumuiya yetu ilikuwa imekwisha kumaliza mazungumzo ya mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya. Mwezi wa Julai Serikali ya Muungano ilisema haitatia saini, na miongoni mwa sababu ilizozitaja ni kujitoa kwa Uingereza. Jambo hilo likapelekwa Bungeni Dodoma likajadiliwa. Kenya na Rwanda zilitia saini mwaka huohuo, na Desemba 2020 Kenya ikatiliana saini na London mkataba wake peke yake, ili maua na chai zake zisikutwe na ushuru ifikapo Januari. Jumuiya iliyozungumza kwa sauti moja ikajikuta na sauti mbili, na chanzo kimojawapo ni kura iliyopigwa mbali sana na Arusha.

Na sisi wenyewe tunajua maana ya kuvunja jumuiya. Ile ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Ndege, reli, bandari na posta vikagawanywa kwa kila mmoja kushika kilichokuwa karibu naye, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983. Ilimchukua msuluhishi, Daktari Victor Umbricht wa Uswisi, miaka ya kuhesabu mali na madeni kabla ya marais watatu kukutana Arusha tarehe 14 Mei 1984 na kukubaliana: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Waingereza walau hesabu yao, iliyokadiriwa kufika pauni bilioni 39, waliipatana kabla ya kuondoka. Katika hilo wametushinda, na ni haki kusema.

Siku hizi wajumbe wetu wanakaa katika mazungumzo mengi: ya soko huru la Afrika, ya ushuru wa Jumuiya, ya leseni za uvuvi wa bahari kuu. Hatudai waeleze kila neno linalosemwa chumbani. Tunachodai ni kwamba, kabla ya wajumbe kupanda ndege, Baraza la Wawakilishi na Bunge viambiwe tunataka nini, tutakosa nini tukikipata, na ni nani atakayebeba gharama. Na aambiwe pia mvuvi wa Mkokotoni na mkulima wa mwani wa Paje, kwa lugha anayoielewa. Mjumbe ambaye watu wake wanajua amekwenda kutafuta nini huwa na nguvu zaidi mezani, kwa sababu anaweza kusema kwa ukweli kwamba jambo fulani nyumbani halitakubaliwa.

Uingereza ilitoka tarehe 31 Januari 2020, na mkataba wa biashara ukapatikana mkesha wa Krismasi ya mwaka huo, baada ya siku nyingi za mwisho kutumika kubishania samaki, ambao mchango wao katika pato la nchi hiyo ni kama sehemu moja ya elfu. Mei 2025 serikali mpya ya London ilikubali wavuvi wa Ulaya waendelee kuingia katika maji yake hadi mwaka 2038, na wavuvi wake wakalalamika kwamba hawakushauriwa vya kutosha. Ama Ayalandi ya Kaskazini, bidhaa zilikuja kukaguliwa baharini, kama Bwana Johnson alivyokubali mwaka 2019 ilhali akiwaambia wafanyabiashara wa huko kwamba hakutakuwa na karatasi za kujaza. Utaratibu huo ukarekebishwa na makubaliano ya Windsor ya Februari 2023. Lakini katika mkataba wa 2019 kiliwekwa kifungu kimoja ambacho hakikuzungumzwa sana duniani: kwamba Baraza la Belfast lenyewe liulizwe, kila baada ya muda, kama linataka kanuni hizo ziendelee. Liliulizwa kwa mara ya kwanza tarehe 10 Desemba 2024. Maandishi yalikuwa mezani, gharama zilikuwa zimekwisha kuonekana madukani na bandarini kwa miaka minne, na kila mjumbe alijua anachokipigia kura. Wajumbe 48 walisema ziendelee, 36 walisema zikome. Na kwa kuwa upande mmoja wa wananchi haukuridhia, wataulizwa tena baada ya miaka minne.